Dirisha la Vidole Vinne

Julai, Manolo. Ukungu umeingia mpaka jikoni
bila hodi, umekalia kigoda cha mgeni.
Mimi ni mtu wa Ngamiani, nimezaliwa na jasho;
huku niliolewa na Hoza na baridi kwa mahari moja.

Juu ya lori la kabichi lililorudi tupu
Hoza ametuletea hita ya gesi
na mtungi wa kilo sita, umefungwa kwa kamba ya katani,
wima, kama bwana harusi aliyekatazwa kucheka.
Akashusha, akaondoka na lori lilelile.

Mama mkwe akaizunguka mara mbili.
"Moto huu," akauliza, "majivu yake huenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikakoroga povu la sabuni ya kufulia,
nikapaka shingo ya mtungi, nikapaka mpira mpaka mwisho,
tukachuchumaa tukitazama.
Povu likivimba, nikamwambia, gesi inatoroka.
Halikuvimba. Akangoja tena.
Hajawahi kuamini kitu siku ya kwanza;
mimi mwenyewe alinichunguza miaka mitatu.

Tukaanua kanga kwenye kamba,
godoro tukalivuta hatua tatu nyuma.
Paka tulimwambia. Hakusikia.

Kisha: bonyeza, washa, na usiachie.
"Hesabu mpaka thelathini, mama. Ukiwahi kuachia, unazimika."
"Namba zangu," akasema, "huwa naziacha sokoni Lukozi."
Akahesabu alichokuwa nacho:
"Hoza.
Mwajabu.
Sefu, aliyetanguliza miguu.
Zaina wa mwaka wa njaa.
Kopwe, aliyeshuka Mombo kununua chumvi
akarudi baada ya mwaka, na chumvi."
Akanyamaza. Kidole gumba bado kimekaza.
"Na yule ambaye hatukuwahi kumpa jina."
Nikasema, achia.
Akaachia polepole. Moto ukabaki.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe dirisha.
Miaka arobaini mama huyu amepigana na dirisha lile:
matambara, magazeti, udongo, kipande cha gunia la mbolea,
kila ufa ameuziba kwa jina la mtoto aliyekohoa.
Leo naja mimi, mtu wa pwani, nasema: lifungue.

"Tununue joto, halafu tulimwage nje?"

Nikaitaja nyumba ya Shekiondo, kule chini kwenye mipea.
Sikuongeza neno. Yeye ndiye aliyekwenda kumwosha mke.
Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya chumba, bado vuguvugu,
mlango umekomewa vizuri, blanketi halijavurugika.
"Hakuwa na alama," akasema. "Nilitafuta alama."
"Hewa mbaya haiachi alama, mama. Na moto wowote hula hewa,
wa mkaa, hata huu usio na majivu."

Akasimama. Akang'oa gazeti. Akang'oa tambara.
Akapima uwazi kwa vidole vinne,
akatia gunzi la hindi dirisha lisijifunge,
akanitazama kama mtu aliyelipa deni la mwenziwe.

Tukaota moto. Magoti yakarudi kuwa magoti.
Hatukuzungumza sana; nilimenya viazi vya kesho,
yeye akamfukuza paka, paka akarudi, akamfukuza.
Usingizi ulipoanza kutuvuta shingo
akafunga mtungi mwenyewe, bila kuambiwa.
Moto ukala mabaki yaliyokuwa kwenye mpira,
ukawa bluu, ukawa mdogo, ukaisha.
"Hatulali na kitu kinachokula," akasema,
akajifunika mablanketi mawili na koti la marehemu.

Usiku wa manane nikamsikia ameamka.
Anapapasa shingo ya mtungi gizani, ananusa.
Halafu, kwa sauti ya chini, akaanza kuhesabu tena,
Hoza, Mwajabu, Sefu,
na safari hii yule wa mwisho akamwita kwa jina.

Sikulisikia vizuri.
Dirisha lilikuwa wazi.